Kalanga Mu Sombe ya Falonne

Lusenge, bwana ya Kaswera, hakuwa anakula viazi vitamu. Wakati walikimbia vita karibu na Beni, miezi sita walikula viazi asubuhi na jioni. Mu nyumba yao ya Butembo, hakuna mutu aliyemusema. Kaswera naye, nyama ya mbuzi ilimushinda tangu utoto, ju ya harufu tu. Lakini Falonne, binti yao wa miaka sita, alipokataa kalanga, walimuita mwenye kiburi.

"Mama, inaniwasha mu koo."

"Koo yako ni ya muzungu?" Kaswera alimujibu.

Siku ya yenga moja, kisha kutoka misa ya Jumapili, mama mukwe Mariette akafika toka Mabalako na kifuko cha kalanga mupya. Kwao, kila mutu wa nyumba anaonja mavuno. Kukataa ni kumutukana aliyelima. Kaswera akaona haya mbele ya mama mukwe. Njo maana akatwanga zile kalanga laini, akazichanganya mu sombe, mboga ya majani ya muhogo.

"Kula tu, Falonne. Kalanga hapana humu."

Matonge matatu. Midomo ya mutoto ikavimba, akaanza kujikuna shingo, sauti ikakauka. Kaswera akamukumbatia, wakapanda moto, pikipiki ya kukodi, na Mariette mpaka kwenye kituo cha afya.

"Amekula nini?" muganga Ananie akauliza.

Mama mukwe alisimama palepale.

"Bugali na sombe," Kaswera akasema.

Basi Ananie akamutoboa mutoto kidole, akatafuta malaria kwanza. Dakika zikapita. Pumzi ya Falonne ikaanza kulia kama filimbi.

"Mama, sombe hapana vimbisha mutu hivi," Ananie akasema. "Fikiri tena!"

"Kalanga." Kaswera akaanguka magoti. "Nilizifichamo. Alikataa, mimi nikamudanganya."

Ananie akatupa kipimo, akavuta dawa mu sindano, akamuchoma mu paja. Pumzi ilirudi polepole, kama mutu anayepanda mulima.

Kisha akawaambia, bila kupandisha sauti: "Kuna anayekataa chakula ju kilimukuta mu mateso. Mwingine, ulimi wake hauzoei. Na kuna yule, ni mwili wake ndio unakataa. Mutoto hana maneno mengi, anasema tu 'sitaki'. Kabla ya kumukazia, umuulize ile 'sitaki' inatoka wapi."

Mariette alikuwa amefunika uso na kitenge. "Lakini mama Falonne, ungeniambia tu! Mimi nilileta chakula, sikuleta sheria."



Falonne akapona. Siku ya tatu akaomba chakula, nyumba yote ikafurahi. Kaswera akamupakulia bugali na maharagi. Mutoto akatazama, akanusa, akageuza maharagi na kidole. Halafu akabeba sahani na mikono mbili, akapita mbele ya mama yake, akaiweka kwa magoti ya Lusenge.

"Papa, onja. Uniambie kama kuko kalanga."

"Lakini mama yako ndiye amepika. Muulize yeye."

"Hapana," mutoto akasema. "Sema wewe."