Umeamkaje, Toleo la Nne

Simu ya seremala ilimkuta Injinia mezani saa nne asubuhi, chai imeshapoa, mwenyewe anajipongeza. Injinia si cheo alichopewa chuoni. Ni jina la utani alilopewa na mkewe, tangu alipoacha kazi ya kuajiriwa akajifungia kwenye chumba cha stoo kutengeneza programu yake, peke yake, bila bosi wala msaidizi.

"Injinia, samahani kukusumbua," seremala akasema. "Programu yako inaniambia baba ameamka salama."

"Tunashukuru, mzee wangu."

"Unashukuru nini? Baba yuko kwa dada yangu tangu Jumapili. Simu aliisahau hapa karakana, nimeifungia kwenye droo ya misumari. Leo siku ya tatu, na kila asubuhi droo inaamka salama!" Seremala akacheka mpaka akakohoa. "Ina afya kunishinda mimi!"

Injinia naye akacheka, maana mteja ni mteja. Kisha kicheko kikamkauka mdomoni.

Tuanze mwanzo, usije ukaachwa njiani. Baba yake Injinia alipofariki, mama alibaki peke yake kwenye nyumba ya ghorofa ya pili, upande wa pili wa mji. Akaambiwa ahamie kwa mwanawe, akasema, "Mimi si begi la kubebwabebwa." Ndipo Injinia akamtengenezea Umeamkaje. Toleo la kwanza lilikuwa kitufe kimoja tu cha kijani: Nimeamka salama. Mama anabonyeza, mwana anaona kijani kwenye simu yake, halafu anampigia hata hivyo, wanapiga soga mpaka chai inapoa pande zote mbili.

Toleo la pili lilijifunza kulia: ikifika saa moja mama hajabonyeza, simu yake inamkumbusha. Toleo la tatu likaongeza ukali. Asipobonyeza bado, simu ya mtoto inageuka nyekundu na kupiga king'ora. Hapo watu wakasikia, nao wakaitaka kwa wazee wao, mpaka wakafika mia tatu na kumi na wawili. Na binadamu hawakosi la kulalamika. Mtu katoka kazini mbio, roho juu, kafika nyumbani kamkuta mzee anamwagilia maua na simu mfukoni. "Punguza kelele, Injinia!"

Akapunguza. Toleo la nne likasema: simu ikitikisika tu, inatosha, maana anayetembea na simu mfukoni yu hai. Na siku hiyo hiyo, kwa ajili ya wasiosikia vizuri, akaongeza mtetemo kila simu inapolia.

Umeona? Yeye hakuona. Na si kwamba hakujaribu, alijaribu wiki nzima! Lakini simu ya majaribio ilikuwa imelazwa juu ya taulo lililokunjwa, kwa sababu mkewe alisema ule mtetemo mezani unampasua kichwa. Juu ya taulo simu ilitetemeka kidogo mno, programu haikuhisi kitu. Juu ya mbao ni mambo mengine. Simu inalia, inatetemeka, inahisi mtetemo wake yenyewe, inasema: aa, kumbe kaamka. Inajiita na kujiitikia.

Injinia akafungua ukurasa wa wateja. Mstari wa kwanza kabisa ulikuwa wa mama yake. Kijani.

Akajipa moyo. Mama hangoji simu ilie yule; yeye hujivunia kuiwahi simu. Akafungua kumbukumbu zake. Ijumaa: kidole, saa kumi na mbili na nusu. Jumamosi: kidole. Jumapili: kidole. Jumatatu: kidole. Jumanne, yaani jana: mtikisiko, saa moja na sekunde nne. Leo: mtikisiko, saa moja na sekunde nne.

Hakuna mzee duniani anayeamka siku mbili mfululizo sekunde nne baada ya kengele.

Akampigia. Ikaita, ikaita, ikakatika. Akapiga tena. Mara ya mwisho kuzungumza naye ilikuwa lini? Jumamosi. Zamani haikupita siku bila kumpigia. Mkewe alishamwambia juzi, kwa utani wenye mwiba, "Siku hizi mama yako unamjua kwa rangi." Naye alimjibu nini, mpumbavu huyu? "Kijani kipo, nimpigie ya nini?"

Akachomoa ufunguo wa akiba wa nyumba ya mama kwenye msumari wa mlangoni, akatoka na ndala. Akapanda pikipiki ya kwanza aliyoiona.

"Taratibu au haraka?" dereva akauliza.

"Kaka, we nenda tu!"

Njia nzima alikuwa anaomba kwa sauti, na dereva, mtu mwenye busara, hakumuuliza kitu. Kila taa ya barabarani ilipowaka kijani aligeuza uso.

Alipanda ngazi mbili mbili. Mlangoni akapiga simu tena, akaweka sikio kwenye mbao. Ndani simu ikaita, na mtetemo wake ukasikika ukikwaruza meza, grrr, grrr. Hakuna hatua wala mlio wa kiti. Akaita, "Mama!" Ufunguo ukakataa tundu, mara ya kwanza, mara ya pili. Aliogopa mlango usifunguke, na aliogopa zaidi utakapofunguka.

Jikoni simu ilikuwa juu ya meza, kwenye chaji, uso wake umewaka: Umeamka salama. Siku njema, mama. Maneno hayo aliyaandika yeye kwa mkono wake. Na chini, kati ya meza na jiko, mama yake alikuwa amelala ubavu, mguu umegeuka vibaya, kitambaa cha kufutia vyombo amekikunja chini ya shavu.

"Mama. Mama!"

Jicho likafunguka. Midomo ilikuwa imepasuka kwa kiu. Injinia akalowanisha kona ya kitambaa, akamlowesha midomo, huku akiwapigia wa gari la wagonjwa kwa mkono mwingine na kulia kama mtoto.

"Usilie," mama akasema, sauti nyembamba. "Nilijua utakuja. Jana niliisikia inalia, nikasema huko kwake sasa ni nyekundu, yuko njiani. Sikupiga hata kelele, nisijichoshe. Leo ikalia tena." Akapumua. "Foleni ilikuwa kubwa?"

Hapo angeweza kudanganya. Foleni ni uongo ambao kila mtu anausamehe.

"Haikuwa nyekundu, mama. Nimekosea mimi. Ilikuwa kijani."

Mama akamkazia jicho. Injinia akangoja atukanwe, na angeshukuru kutukanwa.

"Na wenzangu?" mama akauliza.

Wenzake! Akafungua ukurasa wa wateja pale pale sakafuni, akatafuta mistari ya sekunde nne. Arobaini na mmoja, wa mama yake ukiwemo. Labda arobaini wako masokoni na mashambani, simu zimesahaulika mezani. Labda. Akiwasha nyekundu, watu arobaini watatoka kazini roho mkononi, na jina lake litaoga matope mji mzima. Angeweza kurekebisha kimyakimya, kesho likawa toleo la tano, asijue mtu.

"Wewe," mama akasema, "unangoja nini?"

Akabonyeza. Yote arobaini na mmoja, nyekundu.

King'ora cha kwanza kulia kilikuwa cha simu yake mwenyewe, mkononi mwake, kikitangaza kwamba mama yake hajaamka. Hakukizima. Akamshika mama mkono, akakiacha kilie mpaka wenye machela walipogonga mlango.