Vipimo vya Timu ya Mwaka Huu

Timu ya mpira wa kikapu ya chuo cha walimu ilikuja kupimwa jezi Jumatatu ya kwanza ya Septemba, saa nne asubuhi, mwaka wa sabini na tatu. Fundi Mrisho alikuwa amekwisha kufagia baraza na kuitia mafuta cherehani yake. Alihesabu wachezaji kumi, watano wa mwaka huu na watano wa mwaka jana. Wale wa mwaka jana walikuwa wamekufa, lakini walipanga foleni kama wenzao, tena wakakaa nyuma ili wageni watangulie.

Mrisho alianza na wapya. Wote walikuwa mwaka wa kwanza chuoni, na ndevu hazijawaota. Mfupi wao, Nicholaus wa Lukuledi, alikuwa na shingo nyembamba na mikono mirefu iliyofika karibu na magoti.

"Nyoosha mikono," Mrisho akamwambia. "Usivute pumzi. Unataka nikushonee jezi ya mtu mwingine?"

Wale wa mwaka jana hawakumpa kazi. Vipimo vyao vilikuwamo daftarini na havikuwa vimeongezeka hata nusu inchi. Futi tu ndiyo iliyopata baridi kila alipowazungushia kifuani, ikabidi aianike juani kidogo kabla ya kuendelea. Wa mwisho alikuwa nahodha wao, Safari, mtoto wa Sijaona, dada yake Mrisho.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Mmekula?"

Alijuta kuuliza. Safari alisema kwamba walikuwa wamekunywa maji.

Newala yote ilimjua Mrisho kwa mapenzi yake ya kikapu. Mpira wa miguu hakuutaka. Alisema unaweza kukaa jua zima ukatoka bila bao hata moja, wakati kwenye kikapu mtu hapati nafasi ya kukuna kichwa. Tangu chuo kiliposimamisha nguzo zake mbili za mninga, hakukosa mazoezi hata siku moja, na kila mwanzo wa msimu alitangaza sokoni, "Mwaka huu ni wetu." Watu walimtania kwamba hata mwakani nao ungekuwa mwaka wake. Mwaka jana alisema hivyohivyo, na hiyo mara moja alikuwa na haki ya kusema, kwa sababu timu ile haikuwa na mfano.

Timu ile ilipakiwa kwenye lori la chuo kwenda kufungua msimu katika kambi ya jeshi ya bondeni, kilomita chache kutoka mto Ruvuma. Ng'ambo kulikuwa na vita, na Wareno walikuwa wamevuka usiku kutega mabomu upande wetu. Wakulima waliohamishwa kutoka bondeni kuja kwenye kijiji kipya cha ujamaa waliyajua yalipo, kwa sababu mbuzi wao waliwaonyesha. Lakini barabara ilikuwa na Mkaguzi wake, bwana mmoja aliyetoka mikoa ya mbali, mpole, mwenye suti ya kaunda isiyokunjika. Yeye alisimama ukingoni pa Shimo la Mungu, genge linalotazama bonde, akaitazama barabara yote kwa darubini mpaka mtoni, akaandika kwamba ni salama.

Sijaona hakutaka mwanawe aende. Lakini mtoto wa dada ana mjomba, na neno la mjomba ndilo lililongojwa. Mrisho alisema, "Mwache aende, serikali imekwisha kukagua." Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Vijana wale watano walisikia. Chini ya mlima gurudumu la nyuma la lori lilikanyaga bomu, na mkorosho uliokuwa kando ukapogoka.

Baadaye Nathanaeli seremala alikuja barazani, kalamu ya risasi sikioni, akaomba kuazimwa daftari la vipimo, maana huko bondeni hakikupatikana cha kupima. Masanduku yakachongwa kwa vipimo vya jezi. Kwa vipimo hivyohivyo Mrisho akamkatia mpwa wake sanda.

Wale watano walianza kurudi mwezi wa Juni. Walifika uwanjani saa kumi na nusu, wakati wa mazoezi, na kuondoka magharibi ikiadhiniwa. Mwalimu Dunstan, aliyekuwa akiifundisha timu, aliandika barua kuuliza kama wangeweza kusajiliwa. Akajibiwa kwamba majina yao yalikwisha kufutwa kwa kutoripoti muhula wa pili, ila hapakuwa na kizuizi cha kuwasaidia wenzao mazoezini. Waliolalamika ni wanawake tu, kwa sababu wafu wale walikunywa sana, na maji ya Newala hupanda mlima kichwani mwa mtu.

"Walio hai hayawatoshi," alisema Bimdogo wa kisimani, "leo tuwanyweshe na marehemu?" Alisema hivyo huku akiwajazia kata.

Na timu ikaiva. Mpira uliposhikwa na wa mwaka jana haukutoa sauti ukidunda, kwa hiyo vijana wakajifunza kutazama badala ya kusikiliza. Safari alimchukua Nicholaus pembeni akamfundisha kutupa kwa mkono mmoja, mwili ukiwa ubavu, mpira ukipita juu ya kichwa. Siku ya kwanza Nicholaus alipiga nguzo, siku ya kumi alipiga chuma, na kufikia katikati ya Septemba alikuwa akiingiza saba katika kumi. Mrisho alikaa juu ya kinu kilichopinduliwa, akapiga makofi mpaka viganja vikawaka. Alikuwa na furaha, na furaha ile ilimtia aibu, kwa sababu alijua kwamba kama si kifo cha mpwa wake asingeiona.

Ndipo ilipokuja karatasi ya ratiba. Msimu ungefunguliwa kambini, bondeni, Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Barabara ilikuwa ileile.

Mrisho alivaa kanzu ya Ijumaa akaenda kwa Mkaguzi. Alikaribishwa kiti.

"Bwana, ile barabara ina mabomu."

"Imekaguliwa, fundi. Mwaka jana na mwaka huu."

"Na wale watano?"

"Gari lilipasuka tairi. Imo kwenye taarifa."

Mrisho akaonyesha dirishani. Wale watano walikuwa wamesimama nje, chini ya bendera, wakingoja. Mkaguzi alivaa miwani akawatazama mmoja mmoja.

"Nawaona kila siku," akasema. "Hawajaleta lalamiko lolote la maandishi."

Jioni ile Mrisho alimwambia dada yake kwamba angekwenda chuoni kuwazuia vijana. Sijaona alikuwa akimenya mihogo, na hakuinua macho.

"Utawazuia kwa lipi, kaka? Walimu wao wamekwisha kuambiwa. Mwaka jana ulimpandisha mwanangu ukabaki na cherehani yako. Mwaka huu panda mwenyewe."

Ilikuwa kweli, nayo ilimchoma. Akapanda.

Lori liliondoka Jumamosi saa mbili asubuhi. Vijana walivaa jezi mpya za bluu. Wale wa mwaka jana walivaa zao pia, maana Mrisho alikuwa amezishona zote kumi, na walikaa kwenye mabenchi ya nyuma, pale walipokaa mwaka uliopita. Mpaka kijiji cha Mkunya waliimba. Lori lilipoanza kushuka mlima, nyimbo zikaisha zenyewe.

Chini ya mteremko Safari alipiga bati la kichwa cha gari mara mbili. Dereva akasimama. Watano wale wakaruka chini, wakajipanga upana wa barabara, mikono wameinyoosha, umbali wa mkono mmoja kati ya mtu na mtu, kama walivyokuwa wakijipanga kulinda kikapu. Kisha wakaanza kutembea. Dereva akatia gia ya kwanza akawafuata.

Safari alirudi kidogo ubavuni mwa lori.

"Mjomba, mwambie mama asiningoje tena saa kumi na nusu."

"Utachelewa?"

"Aliyekwisha kufa akilipukiwa, basi. Harudi tena."

Mrisho alitaka kumwamuru apande garini. Alikuwa mjomba, neno lilikuwa lake. Akawatazama vijana watano waliokaa wameshikana magoti, akamtazama Nicholaus na shingo yake, kisha akainama akaiweka sawa jezi ya Safari mabegani. Hiyo ikawa mara ya pili kumwacha aende.

Bomu la kwanza lilikuwa kwenye ule mkorosho uliopogoka mwaka jana. Lilimpata yule wa kushoto kabisa. Vumbi lilipotua hapakuwa na damu wala kitu, ila jezi ya bluu juu ya tawi. Wanne waliobaki walitanua mikono kidogo zaidi ili kuziba nafasi yake, wakaendelea. La pili lilikuwa kwenye korongo kavu, la tatu na la nne yalikuwa karibu karibu, baada ya mahame ya kijiji ambako mapaa yalikuwa yamekwisha kuanguka na mikorosho ilikuwa inachanua bila mwenyewe. Kila mara dereva alisimama, Mrisho akashuka, akaokota jezi, akaikunja. Safari alitembea peke yake mpaka kona ya mwisho, mahali ambapo vikapu vya kambi vilianza kuonekana. Hapo Mrisho aliokota jezi ya tano. Ilikuwa haijatatuka popote. Alilia kwa sauti, mtu mzima wa miaka hamsini, na vijana walimwachia nafasi benchini.

Mchezo ulianza saa saba. Kambi ilikuwa na majitu, mengine yalimpita Nicholaus kwa kichwa na mabega, lakini vijana wa chuo walitazama badala ya kusikiliza. Walikuwa nyuma kwa pointi moja refa alipotazama saa yake. Nicholaus alipokea mpira pembeni, akageuka ubavu, akautupa kwa mkono mmoja juu ya kichwa. Ulipita chumani bila kugusa. Chuo arobaini na moja, kambi arobaini. Mrisho alijikuta amesimama, anapiga kelele, "Mwaka huu ni wetu!" huku jezi tano zimekunjwa kwapani mwake.

Walirudi kwa kufuata alama za tairi zao wenyewe. Dereva hakutoka nje ya alama zile hata kiganja.

Jumatatu Mrisho alimpelekea Mkaguzi habari. Alimwambia mabomu yalikuwa matano, na kwamba barabara nzima haijasafishwa, bali pale tu palipopita miguu ya vijana wale. Akaziweka jezi mezani.

"Lori limekwenda na kurudi?" Mkaguzi aliuliza.

"Limerudi, bwana."

"Kuna mwanafunzi aliyeumia?"

"Wa mwaka huu hakuna. Ni wale watano."

"Wale walifutwa," Mkaguzi akasema kwa upole, akaandika. Jioni tangazo likabandikwa sokoni. Barabara ya bondeni ilikuwa imethibitishwa salama kwa safari ya majaribio, na kuanzia Jumatatu ya kwanza ya Novemba basi lingewapeleka wananchi wa kijiji kipya kuokota korosho katika mashamba yao ya zamani.

Sijaona aliambiwa neno la mwanawe. Siku tatu zaidi aliendelea kwenda uwanjani saa kumi na nusu na kata ya maji, kisha akaacha. Timu ilishinda michezo minne mfululizo. Mrisho hakukosa hata mmoja, lakini mpira ulipodunda kwa sauti alishtuka, kama mtu aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo.

Mwisho wa Oktoba mvua ya kwanza ilinyesha usiku na mchana, ikafuta alama zote za tairi.

Siku iliyofuata Nathanaeli alikuja barazani na kalamu sikioni. Alikaa, akasifu mvua, akauliza hali ya nyumbani.

"Nimekuja mapema," akasema hatimaye. "Basi lina viti arobaini na viwili. Si vizuri mtu kukurupushwa na kazi."

Hakuwa amekosea. Watu walikuwa wamekwisha kuanza kupanga foleni toka barazani mpaka kwenye duka la chumvi. Hawakuwa na ghasia. Walikuwa na mikorosho huko chini, na korosho zikiota ardhini ni njaa. Walitaka tu wapimwe kabla ya safari, ili ndugu zao wasipate taabu baadaye. Bimdogo wa kisimani aliomba apimwe bila kilemba. Mzee mmoja alijisifu kwamba urefu wake ulikuwa haujapungua tangu alipojitwalia uhuru mwaka wa sitini na moja. Mrisho aliwaambia mmoja mmoja, "Msiende." Wakamjibu, "Sawa, fundi," wakanyoosha mikono. Daftari likajaa, ikabidi atume liletwe jingine.

Jua lilipoanza kulalia upande wa Masasi, foleni ikafika mwisho. Aliyebaki alikuwa dada yake. Alikuwa amefunga kanga yake vizuri na kuvua viatu.

"Sijaona, wewe una mikorosho mingapi huko?"

"Mmoja. Ule uliopogoka."

Mrisho alishika futi, akaikunja tena. Alimwambia asiende. Alimwambia kama kaka, akamwambia kama mjomba wa marehemu, akamwambia tena kwa kumbembeleza. Sijaona alimsikiliza mpaka akamaliza.

"Basi linaondoka Jumatatu saa kumi na mbili alfajiri," akasema. "Pima, kaka. Na usikosee. Mwaka jana sanda ya mwanangu ilizidi kidogo miguuni."

Kisha akasimama wima, akanyoosha mikono, na Mrisho akaanza na mabega.