Fahali wa Mtakatifu Klementi

Kwanza mjue kwamba Likizo hakufundishwa kupigana shuleni. Shule ya Wavulana ya Mtakatifu Klementi ina sheria kumi na moja, zimeandikwa ukutani tangu enzi za mapadri wazungu. Ya mwisho inasema mvulana akionekana kwenye mchezo wa kupiganisha mafahali, ataenda nyumbani wiki mbili, na harudi bila mzazi. Mimi si mvulana. Nina miaka hamsini na minane, na nimechunga ng'ombe wa shule hii kwa miaka ishirini na miwili. Fahali wetu Likizo nilimpokea kwa mikono yangu akizaliwa siku shule ilipofungwa, ndipo akapata jina. Nampenda kuliko baadhi ya ndugu zangu, na sioni haya kusema.

Jumamosi ile nilimpeleka Malinya, kwenye uwanja wa mafahali. Kutembea tu, jamani! Bahati mbaya tukamkuta fahali wa Wanzala, ambaye hakuwa ameshindwa mwaka mzima. Baada ya dakika nne hivi, fahali wa Wanzala alitimua mbio akapita katikati ya mahindi ya watu.

Sasa, kwetu fahali akishinda husindikizwa kwa nyimbo hadi kwa mwenyewe. Na mwenyewe ni nani? Shule! Nikawasihi, "Wacheni, nitamrudisha mwenyewe polepole." Nani alinisikia? Walivunja matawi, wakapiga ngoma za isukuti, wakaingia getini watu kama mia mbili, katikati ya misa ya miaka sabini ya shule. Fadha Clifford, mwalimu mkuu, alikuwa anahubiri kuhusu nidhamu. Walimbeba mabegani na mavazi yake ya misa, wakimwita baba wa fahali.

Jumatatu akaniita ofisini.

"Isaiah, wiki mbili nyumbani. Na usirudi bila mzazi."

"Fadha, mimi ni babu ya watu!"

"Sheria haijasema babu asiguswe. Na huyo ng'ombe atachinjwa Ijumaa. Wale waliosoma hapa zamani wanakuja kula."

Kufukuzwa nilikumeza. Lakini Likizo achinjwe kwa kosa la kushinda? Hilo lilinikata maini. Nililia njia nzima hadi nyumbani, mzee mzima, na watu wananiona.

Sikungoja wiki mbili ziishe. Alhamisi nilimleta mama yangu, Dinah, mwenye miaka themanini na miwili. Aliketi akamkazia Fadha macho mpaka Fadha akaanza kupanga karatasi zilizokuwa zimepangwa tayari.

"Clifford," mama akasema. Clifford, hivyo hivyo! "Unakumbuka ile shati ya shule nilikuwa nakufulianga kila Jumamosi, ukitoka kwa mchezo wa mafahali umejaa matope?"

Nikamgeukia mama. Miaka yote hiyo hakuwahi kuniambia.

"Mama, hayo ni ya zamani," Fadha akasema kwa sauti ndogo.

"Ni ya zamani, ndiyo. Na mamako hakuitwa huku hata siku moja. Nilikuwa nafua vizuri."

Ijumaa wageni walikula maharagwe, wakaambiwa ni kukumbuka maisha yao ya shule. Sheria ya kumi na moja ikapakwa rangi mpya, isomeke vizuri zaidi. Na mimi nikamaliza wiki zangu mbili zote, maana Fadha ni mtu wa nidhamu.

Siku niliyorudi nilimkuta zizini amekunja mikono ya kanzu, anamlambisha Likizo molasi kiganjani. Hakunitazama.

"Isaiah," akasema, "Wanzala anataka marudiano lini?"