Chupa Mbili za Damu

Budeba alitoka Usangu na mdogo wake Ngolo, wakaja Mbeya kwa kazi moja tu: kutangaza kwamba Evarista, mjane wa ndugu yao, atafia kwenye meza ya upasuaji.

"Mama," alimwambia Veronika, mama yake Evarista, kwenye benchi nje ya wodi, "mtu mwenye virusi hapasuliwi. Kidonda hakifungi. Mrudishe nyumbani apumzike."

Veronika, aliyepanda basi la alfajiri kutoka Iringa, alimtazama kuanzia kofia hadi viatu. Ndugu yao alikufa akikataa kupima. Leo huyu naye amekuwa bingwa wa kujua nani atapona. Evarista anatokwa damu tangu masika kwa uvimbe wa kizazi. Apumzikie wapi, kaburini?

"Dawa anameza," alisema. "Virusi vimefubaa, kipimo hakivioni. Kinga iko juu. Daktari anachohofia ni upungufu wa damu, basi. Hata asingekuwa na virusi, angeuhofia vilevile."

"Madaktari wana maneno mengi."

"Na wewe umempima kwa kipimo gani? Kwa macho?"

Budeba akakohoa, akageukia ukuta.

Muuguzi akatoka. "Ndugu wa Evarista? Benki ya damu imepungukiwa. Tunahitaji wawili wachangie leo, kundi lolote. Tukikosa, kesho hapasuliwi."

Veronika alikuwa ameshakunja mkono wa gauni.

"Na nyie akina kaka?" muuguzi aliwageukia. " Damu yote inapimwa, hata Ukimwi. Majibu mtapewa."

Wanaume wale wakanywea kama mchicha kwenye sufuria. Budeba, anayeswaga ng'ombe kutwa nzima bila kupumzika, akakumbuka ana presha. Ngolo akakumbuka hajanywa chai.

Veronika hakubembeleza mtu. Alikwenda, akatoa yake, akarudi na pamba mkononi. Akawakuta palepale, chai bado haijanywewa.

"Mkwe," alimwambia Budeba, "tangu asubuhi unatabiri damu ya mwanangu. Yako ndiyo imekushinda kutabiri?"

"Mama, mimi ni mtu mzima."

"Ndiyo maana nashangaa."

Ngolo akasimama.

"Kaa," Budeba alisema. "Watakuja kukwambia mambo."

"Waniambie, kaka. Nimechoka kubahatisha."

Akaenda. Veronika, ambaye muda wote alimhesabu kuwa mkia wa kaka yake, alimsogezea chupa ya soda aliporudi. Hakumwuliza majibu. Hayakumhusu.

Kesho yake uvimbe ukatolewa, na Evarista akaamka akidai uji. Budeba alisimama mlangoni kama mtu aliyedhulumiwa.

"Ametoka mezani," alikiri. "Lakini kidonda ndiyo mtihani."

Kidonda kikakauka. Siku ya nyuzi kutolewa na Evarista kuruhusiwa kurudi nyumbani, Budeba alirudi kushuhudia, akachungulia kadi ya kliniki kana kwamba anajua kusoma mwandiko ule.

"Sasa ni miezi sita ya mwanzo," alianza. "Wengi huwa..."

Veronika alimtwika beseni lenye vyombo na mashuka machafu.

"Stendi ni kule, mkwe. Tangulia, na angalia usiliangushe, maana hilo hata mimi naweza kutabiri."