Kebo ya Mwalimu wa Chapati

Kama kuna neno lililomchosha Jelimo katika miaka tisa ya kufundisha Sayansi Kimu, ni hilo la "wageni wanakuja." Wageni wakija, walimu wengine huvaa tai, yeye huvaa aproni. Mkaguzi akija, chapati. Askofu akija, chapati. Mheshimiwa akiahidi kuja, chapati, na asipotokea walimu wanazila wenyewe kisha wanalalamika ati mafuta yalikuwa mengi. Huku Saboti kila mwenye mikono anajua kukanda unga, lakini wee, thubutu kumwambia mwalimu wa kiume akande uone!

Basi mwaka wa elfu mbili na sita shule ikapata kompyuta kumi na moja kutoka kwa wafadhili wa Nairobi. Hazikuwa mpya, ila zilikuwa zinawaka. Moja kubwa ikawekwa ofisini kwa Mwalimu Mkuu, Bwana Wabwile, na kumi katika chumba kilichokuwa stoo ya majembe, upande wa pili wa uwanja. Wafadhili walitaka jambo moja tu: kufikia Alhamisi fulani, kompyuta zote kumi ziwe zinafungua kazi iliyo ndani ya ile kubwa ya ofisini. Zikishindwa, lori lingezibeba hadi shule nyingine kule Tongaren, ambayo chumba chake kilikuwa tayari, na fundi yupo.

Saboti fundi hakuwepo. Wa Eldoret alikuwa ameahidi mara tatu, na mara tatu simu yake ikazimwa.

"Hizo kebo nitatengeneza mimi," Jelimo akasema kwenye chumba cha walimu.

Cheruiyot, mwalimu wa hesabu, aliangua kicheko mpaka chai ikampalia. "Wewe? Si utazikaanga, Madam!" Wengine wakacheka naye. Jelimo hakucheka. Kilimuuma, na aliapa moyoni kwamba zile kompyuta haziendi Tongaren akiwa hai.

Jumamosi akashuka Kitale kwa Farid, kijana mwenye saiba, duka la intaneti, karibu na msikiti, ambaye walijuana tangu Jelimo alipoanza kuchapishia mitihani kwake. Farid alimuuzia kebo boksi zima na vichwa vya plastiki vya kuchomeka, akamwazima koleo ya kubania vichwa kwa siku tatu na kitestaji cha taa nane cha kupimia kebo. Akamkatia kebo moja amwoneshe. Ndani mlikuwa na nyuzi nane, zimesokotwa mbili mbili: wa chungwa na mweupe wenye mistari ya chungwa, wa kijani na mwenzake, wa buluu na mwenzake, wa kahawia na mwenzake.

"Unazinyoosha, unazipanga hivi, unakata ncha zikae sawa, unasukuma ndani ya kichwa, unabana," Farid akasema, na mpangilio wa rangi akamwandikia kwenye karatasi. "Pande zote mbili zifanane. Usibadilishe kitu, Mwalimu."

Jumapili baada ya kanisa Jelimo akatandaza kitambaa kwenye meza yake ya kulia, akaweka kisu cha kumenyea viazi, mkasi wa kushonea na ile koleo. Kuchuna ganda la nje bila kujeruhi nyuzi za ndani kulimshinda mara mbili, mara ya tatu akaona ni kama kumenya nyanya: kisu kiguse tu, kisikate. Mikono yake ilikuwa na adabu ya kazi ndogondogo.

Kisha akaisoma karatasi ya Farid vizuri, akakunja uso. Chungwa walikuwa pamoja, sawa. Kahawia pamoja, sawa. Lakini kijani mwenye mistari alikuwa wa tatu, halafu wakaingia buluu wawili, ndipo kijani mwenyewe akaja wa sita. Ati buluu wamekaa katikati ya kijani!

Sasa muelewe huyu ni mtu wa namna gani. Huyu ndiye anayewapunguzia wasichana alama kwa sababu uma haukulala sambamba na kisu. Soksi zake huanikwa jozi kwa jozi. Akaona kijana wa watu aliandika kwa haraka, wateja wamemsimamia, akachanganya. Kiwandani wamezisokota mbili mbili, wewe ni nani kuzitenganisha? Akachukua kalamu nyingine, akaandika yake pembeni, kila uzi na mwenzake, akapanga hivyo kebo kumi na moja: kumi fupi za chumbani, na moja ya mita sitini ya kuvuka uwanja. Akazichomeka moja moja kwenye kitestaji. Taa zote nane zikawaka kwa zamu, kuanzia ya kwanza hadi ya nane.

"Nilijua tu," akasema peke yake, akajipongeza kwa kikombe cha chai.

Jumatatu akazichomeka zile fupi kwenye kisanduku cha kuunganishia kilichokuja na kompyuta, na zote kumi zikaanza kuonana. Jumanne akairudisha koleo na kitestaji Kitale kama alivyoahidi. Jumatano wasichana wakachimba mtaro, kebo ndefu ikapitishwa ndani ya mpira mkuukuu wa kunyweshea mboga, ikafika ofisini. Akaichomeka. Taa ikawaka, ikazima. Ikapepesa. Ikazima. Kompyuta ya ofisi na zile kumi zikawa kama majirani waliogombana.

Cheruiyot alisimama mlangoni mikono mfukoni. "Ongeza chumvi, Madam."

Jelimo akampigia Farid simu.

"Hebu nisomee rangi, Mwalimu, kuanzia ya kwanza."

Sikia sasa alichofanya. Karatasi ilikuwa mkononi mwake, ina mipangilio miwili, wa Farid na wake. Akaona aibu kumwambia kijana yule, aliyemwambia asibadilishe kitu, kwamba amebadilisha. Na Cheruiyot amesimama pale anasikiliza. Akasoma wa Farid, neno kwa neno.

"Ni hivyo hivyo," Farid akasema. "Basi hiyo kebo ndefu ina ubovu ndani. Na mimi nimemaliza stoo. Enda Bungoma kwa Suad, nyuma ya msikiti, ndiye hunipatia. Lakini wageni si ni kesho?"

"Ni kesho saa nane."

Usiku huo hakupata usingizi mzuri, na hakujidanganya kuhusu sababu. Alfajiri akakata ncha moja ya kebo pamoja na kichwa chake, ili asije akauziwa isiyofanana, akashika njia ya Bungoma.

Suad alikuwa mama mnene mwenye miwani, anahesabu balbu, na Jelimo alishangaa kidogo kwa sababu alikuwa amejiandalia kukutana na mwanamume. Suad akaipokea ile ncha, akaiinua kwenye mwanga wa mlango, akatazama nyuzi kupitia plastiki.

"Nani alitengeneza hii?"

"Kuna nini?"

"Ni safi sana, dadangu. Na ni makosa matupu." Akaigonga kwa ukucha. "Mashine inaongea kupitia nafasi ya kwanza na ya pili, halafu ya tatu na ya sita. Si ya tatu na ya nne. Kwa hivyo wa tatu na wa sita ndio lazima wawe wamesokotwa pamoja, ndipo wanakingana na kelele za nyuzi nyingine. Wewe wa tatu umemweka na mke wa mtu."

"Lakini testa iliwasha taa zote!"

"Testa inaangalia kama uzi umefika. Haiangalii umefika na nani. Kebo ikiwa fupi, mashine itavumilia. Sasa hii yako ni mita ngapi?"

"Sitini."

"Haya basi. Hata hizo fupi nazo zitakusumbua siku moja. Nani alikupa mpango huu?"

Jelimo akasema, "Nilipewa mzuri. Nikaurekebisha."

Suad hakumcheka, na jambo hilo lilimchoma zaidi ya kucheka kwa Cheruiyot. Hakumuuzia kebo mpya pia. Alimpa vichwa, na koleo ilipokosekana kwa kuwa yake ilikuwa kwa fundi, akamwonesha anavyobana mwenyewe akiwa hana: bisibisi bapa yenye mdomo mwembamba, unasukuma kila kijino cha shaba kiingie kwenye uzi wake, kimoja kimoja, mpaka vyote vinane, bila haraka. "Mimi nilianza hivyo," akasema, akarudi kwa balbu zake.

Jelimo alifika shuleni saa saba. Gari jeupe lilikuwa tayari limeegeshwa. Wabwile alimkimbilia getini, tai imepinda.

"Madam, wamefika mapema! Wamekaa ofisini saa nzima na hakuna hata chai. Kimbia jikoni, tafadhali, hiyo kebo tutaona baadaye."

Jelimo akasimama. Miaka tisa ya aproni ikamjia yote.

"Mwalimu Mkuu, mikono ninayo miwili tu. Nikienda jikoni, watashiba, na kompyuta zitaenda Tongaren. Chagua."

Wabwile alitazama gari, akatazama bisibisi mkononi mwa Jelimo, halafu akageuka polepole akamtazama Cheruiyot, aliyekuwa amekuja kuona sinema.

"Mimi?" Cheruiyot akauliza.

"Unga uko kwenye debe la kijani," Jelimo akamwambia. "Kikaango cha kushoto ndicho kizuri."

Akaanza na upande wa chumbani. Akachuna, akanyoosha, akapanga kama Farid alivyoandika, buluu wawili katikati ya kijani, na kila mara vidole vyake vilitaka kuwarudisha mahali pao. Kijino cha kwanza. Cha pili. Alipomaliza akaenda ofisini, akapiga magoti sakafuni mbele ya wageni wawili, akarudia yote huku wakimtazama. Mkubwa wao, Bi. Nyaruai, alikuwa na faili mapajani. Bisibisi iliteleza mara moja ikamchana kidole. Akakifuta kwenye sketi, akaendelea. Kijino cha nane. Akachomeka.

Taa ikawaka, na haikuzima. Kutoka ng'ambo ya uwanja wasichana wakapiga kelele, maana barua iliyokuwa kwenye kompyuta ya ofisi ilikuwa imefunguka mbele yao.

"Hongera," Bi. Nyaruai akasema. "Tulisikia kebo ilikuwa mbovu."

"Ndiyo, ndiyo, ile ya kwanza ilitoka kiwandani na ubovu," Wabwile akadakia haraka.

Angenyamaza, yangeishia hapo. Nani angejua? Lakini Jelimo alikuwa ameshaona mahali uongo mmoja mdogo ulikompeleka, na kurudi kutoka huko kulikuwa kugumu.

"Haikuwa mbovu," akasema. "Nilipewa mpangilio sahihi nikaugeuza. Halafu nikamdanganya aliyenipa. Na zile kumi za chumbani zinafanya kazi lakini nazo ni makosa. Nitazirudia zote."

Wabwile akafumba macho. Bi. Nyaruai aliandika kwa muda mrefu kwenye faili, na Jelimo akabaki magotini akingoja lori.

"Zirudie kabla muhula haujaisha," Bi. Nyaruai akasema mwishowe. "Kule Tongaren fundi wao aliniambia kila kitu kiko sawa, na yeye mwenyewe sikuwahi kumwona akishika kisu. Kompyuta zinabaki hapa."

Wakati huohuo mlango ukafunguka, Cheruiyot akaingia na sinia, unga hadi kwenye nyusi. Chapati zake zilikuwa na kona, tena upande mmoja zimeungua. Bi. Nyaruai akachukua moja kwa adabu ya mgeni, akaitafuna sana.

"Na hizi," akauliza, "nani amezipika?"

Cheruiyot akatazama viatu vyake. Chumba kizima kikamgeukia Jelimo, kama kilivyozoea miaka yote hiyo.

"Ni za mwalimu wa hesabu," Jelimo akasema, akinyonya kidole chake kilichochanika. "Mvumilieni. Hata kebo yangu ya kwanza haikukubali."