Picha Tano Kifudifudi

Nilimvunja mdogo wangu mkono wa kushoto saa sita mchana, kwa pasi ya mkaa, nikiwa na akili zangu timamu. Nalisema hili mapema kwa sababu nimechoka kuwasikia ndugu zangu wakiita jambo hilo "ile ajali". Ajali gani? Pasi ile ni chuma kitupu, ina uzito wa mtoto mchanga, tunaitumia kukandamizia karatasi zilizojikunja. Hakuna mtu anayeinyanyua mpaka juu ya kichwa kwa bahati mbaya.

Sisi ni wachoraji wa vitabu vya watoto. Chumba cha mbele cha nyumba ya mama ndicho karakana yetu: meza mbili zinazotazamana, kamba ya kuanikia picha, makopo ya maji ya rangi ambayo mama huyapiga teke kila siku na kututukana kila siku. Katikati ipo meza ya mwanga, yaani sanduku la mbao lenye taa ndani na kioo juu. Mimi nachora kwa mkono wa kulia. Mdogo wangu wa kike, ambaye tangu utotoni tunamwita Chiriku kwa kuwa mdomo wake haujui likizo, ana shoto. Kalamu ya wino nilimshikisha mimi, akiwa na miaka tisa.

Sasa, mchoraji akitia kivuli kwa mistari midogo midogo, mkono wake hujulikana. Mistari ya mtu wa kulia huinamia kulia, ya mwenye shoto huinamia kushoto. Huwezi kuibadilisha kama usivyoweza kubadilisha mwendo wako. Na lipo jambo jingine nililomfundisha Chiriku: ukimaliza picha, ilaze kifudifudi juu ya kioo, washa taa, uitazame kwa nyuma. Jicho lililoizoea picha halioni kosa tena, lakini ukiigeuza, kulia kukawa kushoto, kosa linaruka lenyewe: sikio moja limepanda, mguu mmoja mfupi. Hivyo ndivyo tulivyofanya kwa miaka yote, mpaka mikono yetu inageuza karatasi bila kuulizwa.

Kila baada ya miaka mitatu kuna shindano la wachoraji wa vitabu vya watoto. Mshindi ni mmoja tu. Hupewa ufadhili wa miaka miwili kwenye chuo cha wachoraji, na kitabu chake cha kwanza huchapishwa. Ukishatimiza miaka thelathini na sita hupokelewi. Mimi nilishiriki mara tatu enzi zangu, nikaambulia barua tatu za "asante kwa kushiriki", na mwaka huo nilikuwa na thelathini na tisa. Chiriku alikuwa na thelathini na mitano na miezi kumi. Ilikuwa ama mwaka huu, ama basi tena. Na hakuniambia kwamba ameshiriki.

Siku ile nilikuwa natoka kwa mchapishaji. Alinirudishia picha za kitabu cha hesabu eti twiga wangu wana huzuni. Twiga wa kujumlisha na kutoa, nawe unataka wacheke! Niliingia nyumbani nimefura. Chumbani hapakuwa na mtu. Meza ya mwanga ilikuwa inawaka, picha tano zimelazwa juu yake kifudifudi, na pembeni kulikuwa na barua. Nikaisoma. Chiriku amefika hatua ya mwisho. Baada ya siku nane apeleke picha zake halisi, na achore kwa saa nne mbele ya majaji, ili wathibitishe kwamba mkono ni wake.

Ndipo nikazitazama picha. Kuku anashuka ngazi za jengo refu, ghorofa baada ya ghorofa, anatafuta mahali pa kutagia. Hadithi ile aliiandika Chiriku mwenyewe, nami niliichorea miaka miwili nyuma. Mchapishaji alipozikataa picha nilizitupa kwenye droo. Kumbe hizi hapa. Kuku yuleyule, ngazi zilezile, na chini ya mabawa vivuli vya mistari inayoinamia kulia. Mistari yangu. Damu ilinichemka hadi masikioni.

Chiriku akatokea jikoni na kikombe mkononi.

"Umeniibia," nikasema.

"Na wewe habari za mchana," akajibu. "Nimeiba nini tena? Kalamu zako zote zimekauka."

"Picha zangu. Umezipeleka kwa jina lako."

Akatazama meza, akanitazama mimi, akacheka. Akacheka kweli, kichwa nyuma. "Kaka, acha hizo. Hebu zigeuze uone."

Nilidhani ananiambia nione jina lake alivyoliandika. Nikamzaba kofi. Kikombe kikaanguka, naye hakungoja la pili: alinirukia, akaning'ata mkono chini ya kiwiko mpaka nikasikia meno yanakutana. Nikamshika nywele nikamgonga ukutani. Akanipiga goti tumboni. Tukavuta kamba ya picha ikakatika, makopo ya maji yakamwagika, tukawa tunateleza kwenye maji ya bluu kama walevi wawili. Nikamsukuma, nikaiendea meza ya mwanga kuzichukua zilizo zangu. Akaniwahi. Alizilalia zile picha nusu mwili, mkono wa kushoto umefunika ya juu, vidole vimetanuka.

"Utazichana!" alipiga kelele. "Kaka, utazichana!"

Pasi ilikuwa karibu. Niliiinua kwa mikono miwili. Alinitazama machoni akaona nimekusudia, na hakuuondoa mkono. Nikashusha.

Kioo kilipasuka na taa ikazimika. Sauti ya mifupa sikuisikia, niliisikia ya Chiriku. Watu wa mtaa wa pili waliisikia.

Wa kwanza kuingia alikuwa fundi cherehani wa nyumba ya jirani, utepe wa kupimia bado unaning'inia shingoni. Hakuuliza swali. Alinipiga ngumi moja ya pua, nikaanguka chali, akanigeuza kwa teke, akanikandamiza shingo kwa goti. Uso wangu ulikuwa sakafuni, shavu kwenye vipande vya kioo. Picha mbili zilikuwa zimeanguka mbele yangu, zimelala uso juu. Kuku alikuwa amegeuka, sasa anashuka kwa upande mwingine. Na mistari chini ya bawa lake inainamia kushoto.

Nilitaka kusema jambo, damu ikaniingia mdomoni.

Droo yangu niliifungua jioni ile, mama na Chiriku wakiwa hospitalini. Picha zangu tano zilikuwemo, zina vumbi. Nilizitandaza kando ya zake. Zake zilikuwa nzuri zaidi. Kuku wangu alikuwa kuku. Kuku wake alikuwa mama mtu aliyechoka kupanda na kushuka. Nilikaa sakafuni nikalia kwa aibu, na sehemu ya aibu hiyo ilikuwa kwamba hata wakati ule nilimwonea wivu.

Mifupa mitatu ilivunjika. Daktari alimfunga plasta mpaka kwenye kiwiko. Mama alinikuta mlangoni akanichapa makofi mawili, kulia na kushoto, kisha papo hapo akaanza kupanga maneno ya kuwaambia watu.

"Ameanguka bafuni. Sabuni. Mnanielewa? Sitaki polisi ndani ya nyumba yangu."

Chiriku akawapigia simu watu wa shindano, akaomba asogezewe siku. Walimjibu kwa upole kwamba jaribio haliahirishwi, washiriki wengine wameshakatiwa tiketi. Akakata simu. "Nitaenda," akasema, akimwambia mama. Na mimi hakunisemesha kwa siku nane nzima. Nyumba ikawa kimya ajabu, mpaka fundi cherehani akawa anachungulia dirishani kuhakikisha hakuna aliyekufa.

Siku yenyewe mama alinilazimisha nimbebee mkoba wa picha. Ulikuwa ukumbi wa ghorofa ya chini, wenye madirisha makubwa na meza sita. Kila meza ilikuwa na karatasi, wino, rula na kisu cha karatasi. Majaji walikuwa watatu. Mkuu wao alikuwa mama wa makamo, miwani imefungwa kamba, amechora vitabu kabla mimi sijazaliwa. Ndugu wa washiriki tulikalishwa kwenye benchi nyuma.

Chiriku alichora kwa mkono wa kulia. Saa nne. Nilimtazama mgongo tu. Kalamu ilimponyoka mara saba. Wengine walipokuwa wanatia rangi, yeye bado alikuwa anapambana na mdomo wa kuku.

Muda ulipokwisha, jaji mkuu aliweka karatasi mpya kando ya zile tano. Akazilinganisha moja baada ya nyingine.

"Binti, pole kwa mkono. Ulifanyaje?"

"Nilianguka bafuni."

"Pole sana. Lakini unaona tatizo letu. Hii ya leo imechorwa na mtu mwingine kabisa. Jaribio hili lipo kwa sababu watu hutuletea picha za waume zao, za walimu wao. Nitajuaje kwamba hizi tano ni zako?"

"Ni zangu. Mimi nina shoto."

"Huo ni mdomo wako unaosema."

Nikasimama. Miguu haikuniuliza. "Ni zake," nikasema. "Hakuanguka. Nilimvunja mimi, kaka yake. Mimi ni mchoraji, na kalamu nilimshikisha mimi. Nilidhani ameniibia picha. Nilikosea. Nakula kiapo, ni zake zote tano."

Ukumbi mzima uligeuka. Mwanzoni niliona nimefanya la maana, nikajihisi mwanamume. Jaji mkuu alivua miwani.

"Mmefanya kazi pamoja miaka mingapi?"

"Kumi na miwili. Chumba kimoja."

"Na ulizitazama hizi ukadhani ni zako?"

"Ndiyo."

"Kwa uhakika kiasi cha kumvunja mtu mkono?"

Nikaitazama plasta ya Chiriku.

"Basi kama wewe, uliyemfundisha, unayekaa naye chumba kimoja, hukuweza kuutambua mkono wake," akasema taratibu, "mimi ninayemwona leo nitautambuaje?" Akaanza kuzikusanya zile picha tano.

Nilijaribu kueleza habari ya meza ya mwanga, ya kifudifudi, nikajikwaa, hakuna aliyenisikiliza. Chiriku aligeuka. Ilikuwa mara ya kwanza ananitazama tangu siku ile. "Kaa chini," akaniambia. "Umeshasaidia."

Kisha akaupiga mkono wenye plasta kwenye ukingo wa meza. Wino ukaruka. Akapiga tena. Jaji mmoja alipiga ukelele, mshiriki wa meza ya pili akakimbilia ukutani. Mara ya tatu plasta ikapasuka, naye akachukua kisu cha karatasi kwa mkono wa kulia akaanza kuichana, anavuta, anakata, anakata na ngozi yake pia. Jaji mkuu akamsogelea.

"Usinisogelee, mama," Chiriku akasema. Kisu kilikuwa kinatazama mbele. Mama yule akasimama pale pale.

Mkono ulitoka. Ulikuwa wa zambarau na njano, umevimba, hauna vifundo. Aliipachika kalamu katikati ya vidole kwa kutumia meno, akavuta karatasi safi, akaweka alama ya kwanza. Alipiga yowe kwa kila mstari. Si kulia, yowe, kama mtu anayechomwa. Jasho na damu vilidondokea karatasi, naye anachora kando ya matone. Nilihesabu mistari ishirini na moja. Ikawa bawa la kuku, na chini ya bawa kivuli, na kivuli kimeinamia kushoto, kimelingana barabara na zile picha tano. Hata mtu asiyejua kuchora angeona.

"Tosha!" jaji mkuu akalia. "Tosha, mwanangu, tosha, tumeona!"

Chiriku akaongeza mstari mmoja, wa ishirini na mbili. Kisha akatapika juu ya meza.

Alishinda. Walimtangaza wiki iliyofuata, na wengine watano hawakulalamika hata mmoja.

Daktari alimfungua mkono mara mbili, akaweka vyuma, akavitoa. Ile mifupa mitatu ilikuwa imesogea palepale ukumbini, na mishipa miwili imekwenda nayo. Tulikuwa chumbani kwake mimi, mama na Chiriku alipotuambia kwamba vidole vitatu havitakunjika tena.

"Kalamu je?" Chiriku akauliza.

"Labda kijiko," daktari akasema. "Kwa mazoezi."

Mama akaanza kulia. Chiriku hakulia. Tulipofika nyumbani aliingia karakana, akakaa kwenye meza yangu, akatoa fomu ya chuo kwenye bahasha akaiweka mbele yangu.

"Jaza. Mimi siwezi kuandika."

Nikavuta kiti. Nikajaza jina lake, umri wake, anwani. Nilimwomba msamaha nikiwa naandika, kwa mara ya ngapi sijui, na akaniambia niendelee na fomu. Tukafika ukurasa wa pili. Chuo kilitaka kujua mwanafunzi anachora kwa mkono gani, ili meza yake na taa viwekwe upande unaofaa. Kulikuwa na nafasi ndogo ya neno moja.

Nilisimamisha kalamu. Chiriku alikuwa anautazama ule mkono juu ya mapaja yake, umelala kiganja juu.

"Andika kulia," akasema.

Nikaandika. Herufi zikatoka vibaya. Akaniambia nifute, niandike vizuri.