Noti ya Badala

Mzee Mrisho aliinua noti ya elfu moja kwenye mwanga wa dirisha, na kichwa cha twiga kikajitokeza ndani ya karatasi kama mtu aliyekuwa amejificha nyuma ya pazia. Penina, binti aliyemfanyia usafi nyumbani kwake mtaa wa Kikuyu, alisimama na mfuko wa sukari mkononi. Alidhani amerudishiwa chenji bandia.

"Umeipata wapi hii?"

"Dukani, babu. Ni chenji yako." Akaona doa la tope pembeni, akalamba kidole ili alifute.

"Usiiguse!" Mzee akaikumbatia noti kama anayemkinga kifaranga na mwewe.

Mkewe, Bi Asma, akacheka kutoka jikoni. "Mimi nimeagiza sukari, mwenzangu kaletewa mke wa pili! Mwache, Penina, huyo leo hanywi chai."

Mzee akachukua lenzi yake ya kukagulia noti alizokusanya miaka mingi, akapapasa mkunjo kwa ncha ya ukucha, akainamia herufi zilizotangulia namba. Alipoinua uso, macho yalikuwa na maji.

"Mkunjo mmoja tu. Doa si neno. Zingine nilizowahi kuziona zilichakaa kama matambara, lakini hii!"

Penina aliacha shule kabla hajazoea kuuliza. Siku hiyo aliuliza. "Ina nini, babu?"

"Ni noti ya badala, herufi hizi ndizo alama yake. Kiwandani noti ikiharibika, bunda haliachwi na pengo. Huwekwa nyingine ishike nafasi ile. Ni chache, na watu huzitumia bila kuzijua."

Maneno yale yalimpiga Penina kifuani. Dada yake, Ritha, alikuwa amefariki masika yaliyopita akaacha mtoto mchanga, na wazee wa ukoo wao kule Mkonze walikata shauri kwamba nyumba ya marehemu isipoe: Penina akaolewe na shemeji ashike nafasi, ng'ombe wa mahari wasirudi njia waliyojia. Jioni hiyo shemeji yake, Yotham, angekuja kuchukua jibu. Penina alitakiwa kunyamaza tu, na kunyamaza ndiko alikokujua kuliko kazi zote.

"Na ile namba ya iliyoharibika," alisema polepole, "ndiyo inapewa hii?"

"Hapana, mwanangu. Ile imekwenda na namba yake. Hii ina ya kwake, haijapata kuwa ya noti nyingine tangu dunia iumbwe."

Akampa aishike kwa kingo. Penina aliitazama, na mwili ukamsisimka. Ilikwishapita mashineni kwa wasaga nafaka, ikakunjwa na makonda, ikanunua vitumbua, na muda wote huo ilikuwa yenyewe.

Jioni, nyumbani Mkonze, shangazi alimwekea kitenge cha Ritha mapajani. Kwao, aliyejifunga nguo ya marehemu amekubali. Kilikuwa bado kinanuka moshi na mafuta ya mtoto.

"Jifunge, mwanangu, tumalize," alisema baba.

"Huyu hana neno," baba mkubwa akatania. "Hata salamu humtoka kwa mkopo."

Wakacheka. Penina alikiteremsha kitenge taratibu, akakilaza mkekani mbele ya Yotham.

"Shemeji," alisema. "Dada nilimpenda. Mtoto wake mkinipa, nitamlea hapa hapa, nitamwogesha, nitamwimbia. Lakini nguo hii ni ya Ritha. Mimi sijifungi."

Kicheko kilikatika kama uzi. Baba akamkazia macho binti yake, kama aliyebisha hodi kwake mwenyewe akaitikiwa na mgeni.

Yotham hakumtazama mtu. Aliinama, akakiokota kitenge, akauzika uso wake ndani yake, na kwa mara ya kwanza tangu mazishi, akalia.

Penina alibaki amekaa wima, mikono mitupu mapajani, akiusikiliza moyo wake ukidunda.